Valvu Iliyogeuka Nyeupe

Enzi zetu sisi tuliokua kwa uwele wa kutwanga, redio haikuwa kitu cha kutia mfukoni ukakisahau kama leso. Redio ilikuwa na meza yake, kitambaa chake cha kufuma na masharti yake. Wenzangu mliokulia Iramba miaka ile mtanielewa haraka. Wajukuu zangu, nikiwaambia kwamba nyumbani kwetu Ulemo ilikuwa marufuku kutembea wakati redio inasema, hunitazama kwa ile huruma ya kumtazama mtu aliyeanza kusahau majina. Waache wanitazame. Mimi nakumbuka yote, hata yale ambayo ningependa kuyasahau.

Baba alirudi na redio hiyo kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga kabla mimi sijazaliwa. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa cha kahawia mbele na vifundo viwili vikubwa. Lilitumia betri ya lori, na betri ikichoka ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa Misigiri kuchajiwa pale kwenye mashine ya kusaga. Hapakuwa na kubonyeza na kusikia papo hapo. Ulizungusha kifundo, kitu kikanguruma tumboni mwa sanduku, kisha ukasubiri. Kupitia matundu ya ubao wa nyuma uliona nyuzi nyembamba ndani ya valvu zikianza kuwa nyekundu, moja baada ya nyingine, na vumbi lililopata joto likatoa harufu ambayo hadi leo nikiinusa popote nasimama kusikiliza. Sauti ilikuja mwisho kabisa, ikianzia mbali.

Valvu zilikuwa tano. Kwa waliozaliwa juzi nieleze: valvu ni kichupa cha kioo kilichozibwa pande zote, kimesimama kwenye miguu ya chuma, na ndani yake kumepangwa vipande vya bati jembamba na nyuzi za unene wa unywele. Ndizo zilizoivuta sauti kutoka Dar es Salaam hadi Ulemo. Kila Jumamosi Baba alifungua ule ubao wa nyuma, akapuliza vumbi, akazichomoa moja moja na kuzirudisha, na mimi nilikuwa mshika sinia la skrubu. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona fundi msaidizi, ingawa kazi yangu yote ilikuwa kusimama bila kukohoa.

Tatizo la valvu za zamani lilikuwa wepesi wa kutikisika. Vile vipande vya ndani vikishalegea, hatua ya mtu mmoja sakafuni ilitosha. Redio ililia ngiii, ikafunika neno la msomaji, na mara nyingine stesheni nzima ikahama. Ya pili kutoka kushoto ndiyo ilikuwa mkorofi kuliko zote. Baba aliivalisha pete ya mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli ili itulie, ikatulia kwa wiki mbili, ikaanza tena. Basi ilipokaribia saa saba mchana, saa ya taarifa ya habari, kinu kwetu kililazwa. Majirani wawili wa karibu nao waliacha kutwanga, maana mchi ukigonga kwao redio ilitetemeka kwetu. Watoto tulikaa mkekani miguu tumeinyoosha mbele. Mdogo wangu Yona aliwahi kupiga chafya katikati ya habari; Baba alimtazama tu, na Yona akalia mpaka jioni.

Nje kulikuwa na nyaya mbili. Mmoja ulipanda juu ya mgunga kuvuta mawimbi, na wa pili ulishuka hadi kwenye chuma kilichozikwa nyuma ya nyumba. Baba alikuwa akisema udongo ukikauka na sauti inakauka, kwa hiyo chuma kile kilimwagiwa kata moja ya maji kila adhuhuri. Mwagaji nilikuwa mimi. Mnakumbuka maji ya kwetu kiangazi: unachimba mchanga wa mto kwa mikono, unasubiri yajikusanye, unachota kwa kibuyu, unarudi na ndoo kichwani na shingo imeingia mabegani. Mbuzi walitutazama kwa macho yale yao ya kulaumu huku mimi nikiinywesha redio kwanza.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na adabu zake kwa ile redio. Msomaji akisema habari za mchana, Bibi aliitikia nzuri, akanyamaza kumpa nafasi aendelee. Chakula kikiletwa alichukua kanga yake akaifunika redio, kwa sababu aliona haya kula ugali na mlenda mbele ya mgeni ambaye hakukaribishwa kula. Tulicheka naye sana siku hizo. Kabla ya Mama kuondoka kulikuwa na kucheka nyumbani kwetu, na mchezo wa rede jioni, na karanga za kuchoma kwenye mchanga wa moto.

Mama aliondoka akiwa mjamzito, miguu imevimba hadi viatu vya Baba havikumwingia. Mimba zake mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Zahanati ilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dodoma, na Mjomba, kaka yake Mama aliyekuwa akifanya kazi huko, akaja kumchukua. Baba hakuweza kwenda nao kwa sababu mtama ulikuwa umekomaa na ndege walikuwa wameshauona. Nakumbuka Mama alivyopandishwa kwenye lori la kwenda Singida mjini, ameshika kingo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Aliniambia nimsikilize Bibi, nisafishe kandili, nisimwache Yona alale bila kunawa miguu.

Mjomba na Baba walikuwa wameshapatana. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia Mjomba.

"Mambo yakiwa mazuri nitakuandikia barua. Yakiwa mabaya nitatuma redioni."

Barua kutoka Dodoma ilichukua wiki mbili au tatu. Redio ilichukua siku moja. Wenzangu mnayajua yale matangazo yaliyofuata habari za mchana: vifo, na ndugu wanaoitwa wafike haraka hospitali fulani. Msomaji alisoma kwa sauti ileile moja, hakupandisha wala kushusha, fulani wa kijiji fulani wilaya fulani. Baadhi ya siku alitamka Iramba, na kati ya neno Iramba na jina la kijiji palikuwa na nafasi ndogo tu ya kuvuta pumzi. Katika nafasi hiyo niliona mkono wa Baba ukikamata goti lake. Kisha likatajwa jina la kijiji kingine, nasi tukashukuru, na nadhani watoto wa kijiji hicho walikuwa mahali fulani wanalia.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kimya chetu redioni ndiyo ilikuwa habari njema. Niliiogopa ile redio kuliko nyoka, na sikuweza kukaa mbali nayo. Nililala nikiota msomaji anatamka jina la Mama huku ngiii ya valvu ikilifunika, na mimi peke yangu nimelisikia nusu. Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Wiki ya pili ya Mama kuwa Dodoma redio ilizidi kulia. Sauti ilikuja na kupotea. Siku moja msomaji alisema wa kijiji cha U, kisha ngiii, na hatukujua kama ni Ulemo au Urughu au kijiji kingine chochote. Baba alibaki ameinamia kitambaa cha kahawia muda mrefu. Akasema valvu imechoka, itabidi apate nyingine mjini, lakini lori lilipita Alhamisi tu. Redio ya pili kijijini ilikuwa ya mwalimu mkuu, naye alikuwa likizo kwao, ameondoka nayo.

Hapo ndipo nilipoamua kusaidia.

Kila mtoto wa kike wa wakati wetu alisafisha chemni, kile kioo cha kandili. Unachukua majivu laini ya jikoni, unayalowesha kidogo, unasugua kwa kitambaa mpaka masizi yote yatoke, unasuuza, unaanika juani. Kandili yenye chemni nyeusi haimulikii mtu, na Mama alikuwa mkali sana kwa hilo. Sasa zile valvu nilikuwa nimeziona Jumamosi nyingi, na zote zilikuwa na doa jeusi linalong'aa juu utosini, kama la moshi. Ile mkorofi, ya pili kutoka kushoto, ndiyo ilikuwa na doa kubwa kuliko wenzake. Nikajiambia, kioo kina moto ndani na kimeshika masizi, sauti itapitaje? Nilishangaa hata Baba hakuliona jambo rahisi hivyo. Niliona wanaume hawajui mambo ya usafi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Baba alikuwa shambani, Bibi alikuwa akipepeta nje, Yona alikuwa na watoto wenzake. Nilifungua ubao wa nyuma, nikaichomoa ile valvu kwa kuiyumbayumbisha kama nilivyomwona Baba akifanya, nikaenda nayo nyuma ya nyumba pamoja na majivu na kata ya maji. Nilisugua. Doa halikutoka. Nikaongeza majivu, nikasugua kwa nguvu, nimeibana miguu yake kwa kidole gumba. Kitu kikalia tik, kidogo sana, chini karibu na miguu. Nilitazama, sikuona ufa. Halafu, mbele ya macho yangu, lile doa jeusi likaanza kupauka kutoka pembeni, likawa la kijivu, kisha likawa jeupe kama maziwa.

Nilicheka peke yangu kwa furaha. Masizi yametoka. Niliisuuza, nikaifuta kwa gauni langu, nikaianika kwenye jiwe, nikairudisha mahali pake na pete yake ya mpira. Kisha nikaenda kumwagia kile chuma maji, kata mbili badala ya moja, ili siku hiyo tusikie vizuri.

Saa saba Baba alirudi, tukakaa mkekani. Akazungusha kifundo. Sanduku likanguruma. Kupitia matundu niliona nyuzi nne zikiwa nyekundu, na mahali pa ya tano pakabaki giza. Tulingoja. Hakukuwa na sauti wala ngiii. Baba akazima, akawasha. Akazima tena, akageuza sanduku, akafungua ubao, akaichomoa ile valvu, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa nyeupe utosini na bado mimi sikuelewa. Nilichoelewa ni uso wake tu. Aliitazama valvu, akatazama miguu yake, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kisha akaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfuko wa shati. Hakuuliza kitu. Nilikuwa nimekaza matako nikisubiri fimbo, na fimbo haikuja.

Siku mbili zilizofuata sijawahi kuzisimulia vizuri hata kwa mume wangu. Ilipofika saa saba Bibi alisema kinu kilazwe. Majirani waliacha kutwanga kama kawaida. Tulikaa mkekani miguu mbele, tukiitazama redio iliyokufa, kwa muda ambao matangazo yangechukua. Bibi aliitikia nzuri mara moja, siku ya kwanza, kwa mazoea, halafu akajifunika mdomo. Nilimwomba Mungu asubuhi, mchana na jioni kwamba asife mtu yeyote Dodoma mpaka Alhamisi. Niliogopa hata kumwangalia Baba anavyokula. Kimya kile kile tulichokuwa tukikishukuru sasa kilikuwa kimebeba kila kitu, na aliyekileta ni mimi.

Alhamisi lori lilipita na Baba akapanda na redio. Mimi aliniamuru nipande naye. Magunia yangeivunja redio, akasema, kwa hiyo mimi niipakate. Nilikaa juu ya magunia ya alizeti kutoka Ulemo hadi Singida mjini nimekumbatia lile sanduku, na kila shimo la barabara lilinipiga kwenye kidevu. Baba hakunisemesha njia nzima. Nilifikiri ananipeleka kwa polisi.

Aliyetengeneza redio mjini alikuwa Mzee Jivan, Mhindi wa makamo aliyeuza sabuni na vitambaa mbele ya duka, na nyuma alikuwa na chumba kilichojaa redio zilizofunuliwa matumbo. Alizaliwa Singida hapo hapo na alitusalimia Kinyiramba kabla ya Kiswahili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Baba akampa kile kitambaa. Mzee Jivan akakifungua, akaisogeza valvu dirishani, akatikisa kichwa.

"Hii imevuta hewa," alisema. Kisha akainusa miguu yake, akakwangua kitu kwa ukucha. "Majivu. Nani ameiosha?"

Nilitazama sakafu. Mikono yangu niliificha nyuma, kana kwamba majivu ya Jumatatu yangekuwa bado yanaonekana.

"Mimi," Baba alisema.

Mzee Jivan akaiweka valvu mezani. Alimfahamu Baba miaka mingi, mtu aliyebeba valvu kama mayai. Akamsema pale pale, mbele yangu, mtu mzima kuosha valvu kwa majivu kama sufuria, na kijana wa dukani akacheka kule mbele, na Baba akasimama ameshika kofia yake, anapokea. Baba alikuwa anajua. Alijua tangu Jumatatu, na hakuwa amenigusa, na hilo lilinitisha kuliko fimbo yoyote niliyowahi kuisubiri.

Baada ya kumaliza kusema, Mzee Jivan akatoa kijiboksi kutoka kabatini. Valvu aliyoitoa ilikuwa fupi, nene, haina mvuto wowote. Alitueleza kwa raha ya mtu anayependa kazi yake. Hizi, alisema, zimetengenezwa kwa ajili ya magari na watu wa safari. Kioo chake ni kizito. Miguu yake ni mifupi. Vile vipande vya ndani havining'inii kama kwenye ile ya zamani; vimebanwa juu na chini kwa vipande viwili vya ulanga, lile jiwe jembamba kama karatasi lisiloungua, kisha vikazungushiwa chuma, havina pa kuchezea. Kitu kisichotikisika, alisema, kinasikia mbali. Akaichomeka, akawasha, na redio ilipoanza kusema akaigonga ile valvu kwa penseli. Hakukuwa na ngiii. Akapiga meza kwa ngumi. Msomaji akaendelea na habari zake, sauti safi, karibu, utadhani amekaa kwenye gunia la sabuni.

Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika kadhaa. Hakuna aliyepanga hivyo. Lori tu ndilo lililotufikisha muda huo. Habari ziliisha, matangazo yakaanza. Baba alikunja kofia yake mikononi. Tangazo la tatu au la nne lilikuwa letu, na kwa mara ya kwanza tulisikia kila herufi.

"Ndugu Yohana Shila, wa kijiji cha Ulemo, wilaya ya Iramba, anaombwa afike haraka hospitali Dodoma. Tangazo hili linarudiwa."

Baba hakuangalia redio. Alimwuliza Mzee Jivan, kwa sauti ya chini, kama linarudiwa maana yake lilishasomwa. Mzee Jivan alisema ndiyo, huwa wanasoma siku tatu nne. Baba akavaa kofia. Akamwomba mzee anihifadhi hadi lori litakaporudi Ulemo kesho yake, akatoka kwenda kutafuta basi la Manyoni ili akamate treni, na kutoka mlangoni nilimwona anakimbia. Sikuwahi kumwona Baba akikimbia kabla ya siku hiyo.

Mke wa Mzee Jivan alinipa chapati nyembamba zenye samli na dengu zenye ndimu, akanikalisha kwenye kigoda uani. Chakula kile kilikuwa kizuri, nami nikakivunjavunja tu sahanini. Mzee alikuja na chai yake, akakaa karibu yangu, na ile valvu iliyokufa ikiwa kiganjani mwake. Aliniambia tu, taratibu, kama anavyomfundisha mwanafunzi, kwamba lile doa jeusi si moshi. Ni dawa wanayoweka kiwandani kwa ndani. Kazi yake ni kula hewa yoyote iliyobaki humo, kwa sababu hewa ndiyo inayoua valvu. Ikiwa nyeusi, dawa ni nzima. Kioo kikipata ufa, hewa inaingia, dawa inapambana nayo mpaka inashindwa, inageuka nyeupe. Nikakumbuka nilivyocheka nyuma ya nyumba. Nililia mpaka mke wake akaja kunichukua.

Nilirudi Ulemo kesho yake na redio mapajani. Bibi aliuliza habari za mwanawe nikamwambia ameenda Dodoma, na hatukujua kitu kingine kwa siku kumi na moja. Redio sasa ilisema vizuri mno. Ungeweza kukimbia chumbani, ungeweza kutwanga mlangoni, haikujali. Hakuna aliyekimbia wala kutwanga. Tulikaa mkekani kama zamani, na neno Iramba likitajwa sasa lilitufikia bila kitu cha kulifunika.

Baba na Mama walirudi pamoja. Mama alikuwa amekonda, amevaa gauni la mke wa Mjomba, mikono yake haina kitu. Nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni na tumbo lile halikuwepo. Mtoto alizaliwa Jumapili, wa kiume. Jumatatu alianza kushindwa kupumua na Mjomba akapeleka tangazo kwa simu. Alibatizwa hapo hapo wodini, akaitwa Eliya. Alipigana hadi Alhamisi asubuhi. Baba aliingia Dodoma Ijumaa. Walikuwa wamemzika Alhamisi jioni.

Hesabu hiyo niliifanya peke yangu, nimejificha nyuma ya ghala, kwa vidole vyangu vilivyosugua majivu. Tangazo la kwanza lilisomwa Jumatatu saa saba, mchana ule ule. Lori la Alhamisi halikuwa njia pekee; kwa jambo la hivyo Baba angechukua baiskeli usiku na mchana. Angemkuta mtoto wake anapumua. Kumwokoa asingeweza, hata daktari alishindwa, lakini angemwona. Mara nyingi miaka hiyo nilimsikia Baba akimwuliza Mama alikuwaje, na Mama akamwambia tena: nywele nyingi, masikio ya Naomi. Naomi ni mimi.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kwao, kandili zilikuwa nyeusi. Nilichota majivu, nikakaa nyuma ya nyumba na chemni mkononi, na mkono ukakataa. Sikuweza kusugua. Nilikaa hivyo nimeishika tu. Baba akatokea anakwenda zizini. Alisimama. Nilijua saa imefika, atasema, na nilitaka aseme, nilikuwa nimechoka kuogopa. Aliiangalia chemni, akaniangalia mimi.

"Hiyo osha, mwanangu," alisema. "Chemni osha."

Akaenda kwa ng'ombe wake. Katika maisha yake yote, na aliishi hadi akawaona watoto wangu, hakuongeza neno. Mimi pia sikuongeza. Mama hakujua kamwe. Ile valvu nene ilidumu hadi redio yenyewe ilipoliwa na mchwa.

Leo vijana wetu wana bahati, na wananung'unika. Mtandao ukichelewa dakika mbili wanagonga simu kiganjani, wanasema maisha ni magumu. Hawamwagii ardhi maji. Hawamlazii mtu kinu. Hakuna anayewaambia wakae mkekani saa saba wangoje kusikia kama wana mama, na sitaki waambiwe. Lakini nawaona na wao wanaogopa kwa namna yao, simu ikilia wanashtuka, isipolia wanashtuka zaidi, na siku yao nzima ni saa saba mchana. Sisi hofu yetu ilikuwa na muda wake, tukimaliza tulikwenda kutwanga.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kwanza alijifungua, Dodoma hiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Singida mjini, mdogo wake akaja mbio na simu. Mtoto alikuwa na dakika chache duniani, hajafungua macho, na mimi nilikuwa namwona. Wa kiume, nywele nyingi. Ukoo mzima ulishaanza kumimina maua na mioyo kwenye kundi. Nilipokea simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo, juu kidogo ya utosi wa mtoto, kulikuwa na doa la kidole cha mtu.

Kijana aliona naliangalia. Akavuta shati lake alifute, akaniambia nalifuta tu Bibi, simu haivunjiki. Nikamshika mkono. Nikamwambia aliache.